Ungamo Mbele ya Kinasa Sauti

Katika Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, kila mtu anaandika isipokuwa Dracula. Jonathan Harker ana shajara yake, Mina anapiga taipu, Daktari Seward anasema na fonografu, barua zinakwenda na kurudi, vipande vya magazeti vinaingizwa, hadi riwaya nzima inakuwa faili la mashtaka dhidi ya kiumbe asiyepewa hata ukurasa mmoja wa kujitetea. Dracula analijua hilo. Usiku mmoja anaingia nyumbani kwa daktari na kuchoma karatasi pamoja na mitungi ya nta yenye sauti za wanaomwinda, bila mafanikio, kwa kuwa nakala nyingine imefungiwa kwenye kasha. Visa vya mumiani vilivyosambaa pwani yetu na bara enzi za ukoloni vilikuwa na mpangilio huohuo: anayesimulia ni yule anayeogopa kunyonywa, mnyonyaji hana kauli.

Anne Rice alipochapisha Interview with the Vampire mwaka 1976 aliichukua mashine ya kunasa sauti akamwekea mnyonya damu mbele yake. Katika chumba kimoja cha San Francisco, mtaa wa Divisadero, kijana ambaye riwaya haimpi jina anatayarisha kanda zake, na mtu aliyesimama dirishani anamuuliza kama anazo za kutosha kurekodi maisha ya mtu. Huyo ni Louis de Pointe du Lac, zamani mwenye shamba la nili karibu na New Orleans, aliyegeuzwa kuwa mnyonya damu mwaka 1791 akiwa na umri wa miaka 25. Ataongea usiku kucha.

Wasomaji wengi humkumbuka Louis kwa huruma yake: mnyonya damu anayelia, anayekula panya na kuku ili asiue watu, anayeuliza kama Mungu amemtupa. Maudhui hayo yapo na yana uzito. Lakini ukiyasoma peke yake utaishia kukubaliana na Louis kuhusu Louis, na mwandishi wa kitabu hiki hakubaliani naye kikamilifu. Hukumu yake ameiweka kwenye fani, hasa kwenye uamuzi kwamba hadithi hii itolewe kwa mdomo, kwa mtu mmoja, katika usiku mmoja. Ninaisoma riwaya hii kama ungamo linaloshindwa, na naamini linashindwa kwa sababu limesimuliwa kwa uzuri mno.

Kwamba ni ungamo, Rice hatuachi tubahatishe. Hatia ya Louis inatangulia damu. Mdogo wake alikuwa mcha Mungu aliyedai kutokewa na watakatifu, akamtaka kaka yake auze mali yote ili aende Ufaransa kuitetea dini. Louis akacheka. Kijana akatoka, akaanguka kwenye ngazi, akafa. Watu wakaanza kunong'ona, mama naye akataka kujua yalisemwa yapi kabla ya kuanguka. Lestat, mnyonya damu atakayemgeuza, anapomkuta Louis, anakuta mtu ambaye tayari anatafuta wa kumuua. Kwa hiyo meno ya Lestat hayaleti dhambi. Yanakuja kuikuta, kisha yanaifanya isiwe na mwisho.

Tangu hapo Louis anatafuta msikilizaji. Miaka mingi baadaye, akiamini kwamba Lestat ameshakufa, anaingia kanisa kuu la New Orleans, anapiga magoti mbele ya padri na kueleza kila kitu: mauaji ya kila usiku, umri wake, alivyo. Padri anadhani huyu kijana anaifanyia mzaha sakramenti. Louis anamfuata hadi mbele ya altare na kumuua. Paris anamkuta Armand, mwenye miaka 400 ya kuishi, na kumpelekea maswali yaleyale ya Mungu na shetani. Armand anamjibu kwamba hajui lolote, na kwamba kwa kadiri ya habari alizonazo hakuna mnyonya damu mzee kuliko yeye. Padri alikuwa na mamlaka ya kusamehe lakini hakuamini. Armand anaamini, ila hana mamlaka. Kijana wa San Francisco ni wa tatu. Hana daraja takatifu wala hekima ya miaka 400, ana kanda na sigara, na bado Louis anamwaga kila kitu mbele yake kama mtu aliyebaki na mlango mmoja tu wa kubisha.

Msimulizi wa nje, yule anayetueleza kwamba kijana ameshtuka au amegeuza kanda, haingii kichwani mwa Louis hata mara moja. Anaona kinachoonekana chumbani: uso mweupe kama mfupa, macho ya kijani, utulivu wa mwili usio wa kibinadamu. Yaliyobaki ni maneno ya Louis, na chapa ya Kiingereza inatukumbusha hilo kwa jambo dogo la uchapaji: aya zake zinafunguliwa kwa alama za usemi, ukurasa baada ya ukurasa, kwa kuwa tunachosoma ni mazungumzo. Mhusika mwingine akisema neno ndani ya hadithi, neno hilo linatiwa alama za pili ndani ya zile za kwanza. Lestat, Claudia, Armand, Madeleine, wote wanatufikia wakiwa wamefungwa mara mbili. Mwanzoni kijana anakatiza kila mara, anauliza, anapinga, anaomba ufafanuzi. Kadiri usiku unavyokwenda, maswali yake yanapungua, nasi tunasahau kwamba yupo. Tunasahau pia kwamba tunamsikiliza mtu mwenye sababu zake za kusema anavyosema.

Muda nao umegawanywa kwa namna inayofaa kuangaliwa. Karibu karne mbili zimeshindiliwa katika usiku mmoja, ila hazikushindiliwa kwa usawa. Louis anasema yeye, Lestat na Claudia, mtoto waliyemgeuza kuwa mnyonya damu, waliishi pamoja Rue Royale, New Orleans, kwa miaka 65. Miaka hiyo inapita kama orodha ya mapazia, vitabu, magauni, kinanda, mwanga wa taa kwenye vioo. Hatuoni mwaka mmoja ukitofautiana na mwingine. Halafu ghafla usimulizi unasimama kwenye usiku mmoja na kuukagua dakika kwa dakika, na kila unaposimama hivyo kuna mtu anayekufa au anayegeuzwa. Umilele katika kitabu hiki hauna matukio. Ni muhtasari. Utu unarudi pale tu jambo linapoweza kupotea moja kwa moja, na hapo ndipo Louis anapata tena uwezo wa kusimulia tukio kwa ukamilifu wake. Rice hahitaji kutuhubiria kwamba uzima usio na mwisho unachosha. Mwendo wa sentensi zake umeshatuchosha kwa makusudi, kisha ukatuamsha.

Usiku wa Claudia ndio unaostahili kukaliwa zaidi. Tauni imeingia New Orleans. Louis, baada ya kujinyima kwa muda mrefu, anamkuta mtoto wa miaka mitano ameshikilia maiti ya mama yake, na anashindwa kujizuia. Lestat anamfumania na kuangua kicheko, anaiinua maiti ya mama na kucheza nayo dansi chumbani. Hilo lingetosha kuwa kilele cha kitisho katika riwaya nyingine. Hapa kitisho chenyewe kinakuja baadaye, kwa sauti ya upole. Lestat anamtafuta mtoto hospitalini, anajifanya baba yake, anamleta kwenye chumba cha hoteli na kumpa damu yake. Mtoto anazinduka, anaulizia mama yake. Lestat anamwambia mama amewaachia wao, na kwamba sasa yeye ni binti yao. Halafu anamgeukia Louis: alikuwa akitaka kuondoka, sasa hataondoka.

Ukisoma kwa haraka utaona ukatili wa Lestat tu. Ukisoma taratibu utaona kwamba maneno ya Lestat ni maneno ya nyumba yoyote: binti yetu, mama amesema, tutakaa pamoja. Familia inaundwa kwa msamiati sahihi kabisa wa familia, na kila neno ni pingu. Rice angeweza kumpa Lestat lugha ya kishetani. Hakufanya hivyo, na kwa hilo amesema mengi kuhusu watu wa kawaida wanaozaa mtoto ili kumzuia mwenzao asitoke mlangoni. Louis anasimulia tukio hili kana kwamba alikuwa mtazamaji, lakini meno yaliyotangulia kwenye shingo ile yalikuwa yake. Claudia anapokuja kudai kujua ni nani alifanya nini, Louis analazimika kukiri kwamba mmoja alichukua uhai na mwingine akatoa umilele, na kwamba yeye ndiye aliyeanza.

Wachambuzi hawachoki kukumbusha kwamba Rice alimpoteza binti yake, Michele, kwa saratani ya damu mwaka 1972, kabla hajatimiza miaka sita, na kwamba riwaya iliandikwa mwaka uliofuata. Ni kweli, na hakuna msomaji mwenye moyo anayeweza kuliweka kando. Hata hivyo sikubali kumsoma Claudia kama picha ya marehemu iliyotundikwa ukutani. Mama aliyefiwa angeweza kuandika ndoto ya mtoto asiyekufa. Rice aliandika ndoto hiyo kisha akamfuata mtoto ndani yake, miaka 65, akauliza inamgharimu nini yeye. Akili ya Claudia inakomaa, inasoma falsafa, inapanga mauaji. Mwili unabaki wa kubebwa. Hawezi kupanda kitanda kirefu bila msaada, hawezi kutembea mjini usiku peke yake bila watu kumsimamisha na kumuuliza wazazi wake wako wapi.

Kuna kifaa kimoja kidogo kinachobeba yote hayo. Paris, Claudia anamjua Madeleine, mtengenezaji wa wanasesere aliyefiwa na binti yake. Duka la Madeleine limejaa wanasesere wenye sura moja, ileile ya marehemu, imerudiwa bila kukoma. Claudia anamwomba amtengenezee mwanasesere wa aina nyingine: wa mwanamke mtu mzima. Anamwonyesha Louis mwanasesere huyo, kisha anamponda mkononi mpaka anakuwa vipande. Louis anaeleza tukio hili kwa uangalifu wa mchoraji, na kwa kufanya hivyo anatuonyesha zaidi ya anachokielewa. Madeleine anarudia sura ya mtoto kwa sababu hawezi kumruhusu afe. Claudia anavunja umbo la mwanamke kwa sababu hataruhusiwa kamwe kulifikia. Wanawake hawa wawili wanakamilishana kwa namna ya kutisha, na ndiyo maana Claudia anamshurutisha Louis amgeuze Madeleine. Baada ya kufanya hivyo, Louis anasema kilichokufa chumbani usiku ule ni mabaki ya mwisho ya ubinadamu wake. Anasema kwa ufasaha mkubwa. Madeleine yeye anafanya kazi: anatengeneza samani ndogo, viti na kitanda cha kimo cha Claudia, ili kwa mara ya kwanza kuwe na chumba duniani kinachomtosha. Kama nikiulizwa utu uko wapi katika riwaya hii, nitaelekeza kidole kwenye samani zile kabla ya kugusa hata moja ya hotuba za Louis.

Jumba la maonyesho la Paris, Théâtre des Vampires, limejengwa kama kioo cha kitabu chenyewe. Wanyonya damu wanapanda jukwaani wakijifanya binadamu wanaoigiza wanyonya damu. Msichana wa kweli analetwa, anaomba aachiwe aishi, anauawa kweli mbele ya watu waliolipa kiingilio. Watazamaji wanapiga makofi. Wameona kila kitu na hawajaona kitu, kwa sababu ustadi wa jukwaa umewashawishi kwamba ni sanaa tu. Louis anachukizwa sana. Lakini yeye naye, katika chumba cha San Francisco, anafanya nini? Anachukua vifo vya watu na kuvipanga kwa mwanga mzuri mbele ya msikilizaji aliyeganda kitini.

Tazama anavyosimulia usiku wake wa kwanza. Mapigo ya moyo yanakuwa ngoma, yake na ya Lestat, zikijibizana. Vifungo vya koti la Lestat vinamteka macho kwa muda mrefu. Mwanga wa mwezi juu ya mawe unamfanya asahau kutembea. Lestat, ambaye ni mtu wa vitendo, anamkaripia kwa kuuzubalia usiku. Louis anadai anaeleza mwanzo wa laana yake, lakini sentensi zake zinasema alipewa macho mapya. Hadanganyi, yote mawili ni kweli. Tatizo ni kwamba laana anaitaja na uzuri anauonyesha, na kila aliyewahi kusimulia hadithi mbele ya watu anajua ni kipi hubaki kwa msikilizaji.

Armand analijua hilo kuliko wote. Anamweleza Louis kwamba wanyonya damu wachache wanaweza kuhimili umilele, kwa sababu wanataka dunia ibaki kama ilivyokuwa siku walipogeuzwa: nguo zilezile, magari ya farasi yaleyale, lafudhi ileile. Dunia inapokataa, wanajiangamiza. Yeye amedumu kwa kujifunga kwa mtu wa karne mpya, na sasa anamtaka Louis kwa ajili hiyo. Hapa mahusiano ya riwaya yanaonekana mifupa yake. Lestat alihitaji mali na nyumba ya Louis, Louis alihitaji wa kumwadhibu, Claudia alihitaji mikono ya kumbeba, Armand anahitaji mtu wa kumsomea nyakati. Hakuna upendo hapa usiokuwa pia chakula. Na bado si unafiki, wanapendana kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Claudia na Madeleine wanapouawa kwa kuachwa juani, Armand ana mkono wake katika jambo hilo, na Louis, akisafiri naye miaka mingi baadaye, analijua na hahisi kitu. Anatuambia hahisi kitu. Anaongea usiku kucha kutuambia.

Kuna wasikilizaji wengine ambao wahakiki huwapita haraka, nami sitaki kuwapita. Ni watumwa wa Pointe du Lac, shamba la Louis. Louis anakumbuka kwamba walikuwa Waafrika wenye lugha zao na nyimbo zao, baadhi yao wametokea Santo Domingo, na anakiri kwamba wakati ule aliwaona kama watoto tu. Hao ndio wa kwanza kujua. Wanawaona mabwana wasioonekana mchana, wanawaona wenzao wanakufa, wanakaa usiku na kuunganisha mambo, kisha wanaamua kwamba viumbe hawa lazima waangamizwe. Katika riwaya nzima hakuna waliosoma dalili kwa usahihi kama wao. Padri hakuamini, watazamaji wa Paris walipiga makofi, kijana wa San Francisco atatamani. Watumwa walielewa na wakachukua hatua. Lakini usimulizi hauwapi nafasi. Hatusikii hata wimbo mmoja kati ya zile anazozitaja Louis. Anasikitikia uhai wa kuku kuliko anavyosikitikia watu aliowamiliki, na katika hili naona upofu wa Louis umechanganyika na upofu wa kitabu kiasi kwamba siwezi kuvitenganisha. Riwaya inayouliza kwa uchungu kama aliyekuwa mtu anaweza kubaki na utu haikuuliza vya kutosha alikuwa na utu gani alipokuwa na shamba.

Kisha alfajiri inakaribia na hadithi inakwisha. Louis anangoja. Kijana anapinga: haiwezi kuishia hapo. Anasema Louis hajui kueleza alichonacho, na anamwomba amgeuze awe kama yeye. Hasira ya Louis ni hasira ya mtu aliyeona kazi yake yote imesomwa kinyume. Anambana kijana, anamng'ata, anamwacha amezimia. Kijana anapozinduka anairudisha kanda nyuma. Haitafuti sehemu ya Claudia, wala ya ndugu aliyeanguka kwenye ngazi. Anatafuta mahali alipotajwa Lestat, nyumba ile chakavu ya New Orleans alikoonekana mara ya mwisho, ananakili maelekezo na kutoka mbio. Ungamo limegeuka ramani ya njia. Kanda inaweza kurudishwa nyuma, kusimamishwa, kuchaguliwa vipande, na msikilizaji huchukua anachokitaka. Ni mwisho mkali kuliko wa filamu ya Neil Jordan ya 1994, ambamo Lestat anatokea ndani ya gari la kijana na kumaliza mambo kwa kishindo. Katika riwaya hakuna anayemlazimisha kijana. Anakwenda mwenyewe, kwa miguu yake, baada ya kusikia kila kitu.

Mwaka 1985 Rice alimpa Lestat kitabu chake, The Vampire Lestat, na humo Lestat anaikosoa simulizi ya Louis. Wasomaji wengi wanakipenda zaidi. Mimi naona kilipunguza nguvu ya cha kwanza, kwa sababu shahidi wa pili akishakuja, shaka iliyokuwa kazi yetu inakuwa kazi yake. Mfululizo wa televisheni ulioanza mwaka 2022 umefanya jambo la kijasiri zaidi. Louis ni mtu mweusi wa New Orleans ya karne ya 20, mahojiano ni ya mara ya pili na yanafanyika Dubai, mwandishi wa habari sasa ni mzee asiyeshawishika kirahisi, na Claudia ana shajara zake, zenye kurasa zilizochanwa. Mzee anazisoma na kumuuliza Louis kurasa ziko wapi. Hilo ndilo swali ambalo kijana wa 1976 hakuwahi kuuliza. Msomaji anayetaka kuanza na mfululizo huo na aanze. Akifika kwenye riwaya, aangalie ni wapi Claudia anasema jambo bila Louis kutueleza papo hapo alimaanisha nini.